Randa Alivyokutana na Mpwa Wake kwenye Skrini

Benchi letu liko kati ya milango miwili: mlango wa kinyozi, ambao ni wangu, na mlango wa karakana ya seremala tunayemwita Randa. Ukikaa upande wangu, nywele za watu zinakufuata miguuni; ukikaa upande wake, vumbi la mbao linaingia kwenye kikombe. Kwa hiyo kila mtu anagombea katikati, na hapo ndipo Bi Buli anapoweka jiko lake na vikombe vyake visivyo na masikio, na kesi za dunia nzima zinasikilizwa bila hakimu. Yupo Kipaza, mnadi wa sokoni, ambaye hata akinong'ona mtaa wa pili wanaitikia. Yupo Rufaa, aliyeshindwa kesi tatu za mpaka wa kiwanja na baada ya kila moja akaapa kukata rufaa. Hakukata hata moja, ila amebaki na jina na maneno mazito ya kisheria. Jumamosi hiyo Randa mwenyewe alikuwa ndani ya karakana, hapigi nyundo wala hapasui ubao. Wote tulijua anasubiri saa kumi, ndiyo maana tulikuwa tunamjadili kwa sauti ya chini. Isipokuwa Kipaza.

— Mimi nasema ile skrini ndiyo iliyomponza, — alisema Kipaza. — Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Randa huku, hakimu kule. Utashindaje kesi na wewe mwenyewe hupo?

— Alikuwepo, — nikamwambia. — Si tulikaa naye chumba kimoja?

— Alikuwepo huku. Kule alikuwa picha. Na picha, Kinyozi, umeona wapi ikipewa mtoto?

Hapo akafika yule muuguzi aliyehamia chumba cha juu ya duka langu, bado ana sare ya kazini, viatu vimemchosha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukaa nasi. Rufaa akasogea, Bi Buli akamjazia kikombe.

— Samahani, — akasema muuguzi, — nimesikia mtoto na kesi. Kuna nini?

Kipaza akafungua mdomo, lakini Bi Buli alimtangulia.

— Acha nimweleze mimi, maana wewe utamuuzia. Sikiliza, mwanangu. Huyu seremala alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja, hawana mwingine. Yule binti akajifungua, na hakumaliza hata wiki, akafariki. Baba wa mtoto alikuja mazishini kama mgeni, akaondoka kama mgeni. Mtoto akabaki mikononi mwa mjomba, na mjomba hana mke, hajui hata kichwa cha mtoto kinashikwaje.

— Akamlea?

— Akamlea! Mimi ndiye niliyemfundisha kumwogesha. Alimchongea kitanda cha mbao, akakiweka pale ndani karibu na meza ya kazi. Mtoto akakua kwa kelele za msumeno, halali mpaka ausikie. Alipoanza kusema, akawa anakaa juu ya meza anamwamuru mjomba wake: kata hapa, piga pale, hapana, si hivyo. Sote tukamwita Bosi. Na Randa akiulizwa bei na mteja anasema, ngoja nimuulize Bosi.

Bi Buli akacheka kidogo, kisha akaacha.

— Alipokaribia kwenda shule, baba yake akatokea. Ameoa, ana kazi, ana nyumba. Akaomba mtoto aende kwake likizo, awajue ndugu zake. Sasa utamkatalia baba? Randa akamfungia nguo, akampakia kwenye basi kwa mikono yake mwenyewe. Likizo hiyo haijaisha mpaka leo.

— Ndipo akafungua shauri, — akadakia Rufaa, akijiweka sawa. — Shauri la malezi ya mtoto. Na kwa kanuni, shauri la namna hiyo hufunguliwa anakokaa mtoto. Huko ni safari ya kutwa nzima.

Sehemu hiyo naijua vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nabaki na ufunguo wa karakana. Randa alikuwa anaondoka alfajiri, anafika giza limeingia, analala kituo cha mabasi, asubuhi anapiga pasi shati kwa viganja na kwenda mahakamani. Anaambiwa hakimu yuko semina. Anarudi. Anaitwa tena, anakwenda, jalada halionekani. Safari nyingine, wakili wa upande wa pili anaumwa. Safari nyingine, hakimu amehamishwa, aliyekuja anataka kuanza upya. Kila akirudi tulikuwa tunamwona kutoka mbali, begi begani, na hatukumuuliza, kwani tulishalijua neno lenyewe: imeahirishwa. Wateja wake nao walichoka kukuta kufuli. Walihamia kwa maseremala wengine, mmoja mmoja.

— Miaka mingapi hivyo? — akauliza muuguzi.

— Sita, — nikasema. — Mtoto alikwenda ana meno ya utotoni.

— Na akienda huko mahakamani, alikuwa anapita kumwona?

Bi Buli akainama kuchochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa. Rufaa akakohoa.

— Jambo likiwa mbele ya mahakama, — alisema, — halitakiwi kuingiliwa.

— Kumwona mtoto ni kuingilia?

— Tuliona... ilionekana ni busara. Ukienda nyumbani kwao, watasema umekwenda kumteka. Ukimpigia simu, watasema unamlisha maneno. Ni bora mtu akae mbali, mikono yake iwe safi, mpaka kesi iishe.

— Nani alimwambia hivyo?

Rufaa alizungusha kikombe chake kwenye kiganja, mara mbili tatu.

— Mimi, — akasema. Halafu haraka haraka: — Lakini msikilize Kipaza. Tatizo ni ile skrini.

Tukaenda kwenye skrini, basi, kwa kuwa wote tulitaka kuondoka pale tulipokuwa.

Mwaka huu mahakama ziliwekewa mitambo. Majalada yakaingizwa kwenye kompyuta, hayapotei tena kabatini. Siku moja simu ya Randa ililia akiwa anapaka vanishi, akaja kwangu mbio na mikono inanata, akaniambia nimsomee. Ujumbe ulisema shauri lake litasikilizwa kwa video, asisafiri, aende mahakama ya hapa hapa mjini, kuna chumba. Tulishangilia kama watu waliofunga bao. Bi Buli aligawa kahawa bure, na hilo halijatokea tena.

Tulikwenda naye, mimi na Rufaa. Kipaza tulimwacha kwa usalama wa mahakama. Chumba ni kidogo, kina meza, kiti, kioo kikubwa cha skrini ukutani, na karani kijana anayejua kubofya. Nje kuna watu wengine wanasubiri zamu. Nimewahi kuwasikia Kipaza na Rufaa wakisema mtandao ulikuwa unakatika. Haukukatika hata mara moja. Hakimu alikuwa mama mmoja wa makamo, sauti ya taratibu, na kila alichouliza kilisikika kama vile amekaa nasi. Kesi iliyolala miaka sita aliimaliza kwa vikao viwili. Lazima niseme hivyo, hata kama inauma.

— Kikao cha kwanza, — nikamwambia muuguzi, — alimuuliza Randa kuhusu malezi yote, tangu mwanzo. Akajibu vizuri mno. Hata karani aliacha kubofya akawa anasikiliza. Baadaye hakimu akamuuliza: tangu mtoto aondoke, umewasiliana naye mara ngapi? Akasema, sijawasiliana, mheshimiwa. Kwa nini? Akasema, niliambiwa nisubiri kesi iishe, nisije nikaiharibu. Hakimu akavua miwani. Uliambiwa na nani?

— Akasema nani? — muuguzi akauliza.

— Akasema, na watu.

Rufaa alikuwa anatazama barabarani. Siku ile chumbani alikuwa amekaa ubavuni kwangu, na Randa angeweza kugeuza shingo tu na kumnyooshea kidole. Hakugeuka. Hata tulipotoka hakusema. Alimuuliza Rufaa kama ana njaa.

— Kikao cha pili ndipo wakamleta mtoto, — akasema Bi Buli. — Mweleze, Kinyozi. Mimi siwezi.

Nikamweleza. Mtoto alitokea kwenye kioo amevaa sweta la shule, mrefu, amesukwa vizuri, nakala ya marehemu mama yake mpaka kwenye nyusi. Randa alisimama, kiti kikaanguka nyuma. Akasema, Bosi, hujambo? Na yule mtoto akageuka kutazama nyuma yake, aone huyo Bosi anayesalimiwa ni nani.

Kisha akasema, Shikamoo.

Hakimu alizungumza naye kwa upole sana, akamuuliza habari za shule kwanza. Akamuuliza, unamfahamu huyu? Akasema, ni mjomba, baba alinionyesha picha. Unamkumbuka? Mtoto akafikiri, unaona kabisa kwamba anatafuta, anataka kusema ukweli. Akasema, nakumbuka kelele za msumeno. Ungependa kukaa wapi? Akasema, hapa, na wadogo zangu. Akaongeza, lakini naomba asikasirike.

— Hakimu akaamua abaki kwa baba, — nikamalizia. — Mjomba ampigie kwa video kila Jumamosi saa kumi, na likizo mtoto akitaka mwenyewe aje. Akasema na jambo jingine. Akasema, shauri hili lingesikilizwa lilipofunguliwa, huenda leo ningekuwa naandika hukumu nyingine. Randa akasema, nashukuru, mheshimiwa. Tukatoka, na mama mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshaingia kukaa kwenye kile kiti.

Muuguzi alishika kikombe chake bila kunywa.

— Hukumu ya haki, lakini... — alianza.

— Haki gani! — Kipaza akalipuka. — Mimi nafanya biashara ya kuuza vitu mbele ya watu. Kitu kikiwa kidogo, bei inakuwa ndogo. Randa kule alionekana ukubwa wa sanduku la kiberiti! Hakimu atampaje mtoto mtu wa ukubwa huo? Ndiyo maana wakasema, usidharau mwamba, mwamba ni arusi.

— Hiyo methali haipo, Kipaza.

— Ipo, ila hamjaifikia.

— Tatizo si ukubwa, tatizo ni hewa, — akasema Rufaa. — Maneno yanapita angani. Angani kuna maneno ya watu wangapi? Kesi ngapi zinapita saa ile ile? Mimi nakuhakikishia, "nataka kukaa hapa" lilikuwa jibu la mtoto wa kesi nyingine. La Bosi wetu limekwenda kwa watu wanaogombea ng'ombe.

— Ala! — nikasema. — Tumeiona midomo yake.

— Midomo inatengenezwa! — Kipaza alidandia. — Siku hizi kompyuta inakutengenezea mtu mzima, anapumua, anapiga chafya. Yule hakuwa Bosi. Bosi yuko mahali amekaa, anasubiri kuitwa. Wamempitisha mtoto wa kompyuta.

— Na ukiniuliza mimi, — Rufaa akaendelea, anasema mbio sasa, jasho limemtoka, — hata ujumbe ule wa simu ulikuwa mtego. Kwa nini wamuite baada ya miaka sita? Walisubiri mtoto asahau! Simu iko mfukoni mwako, unaibeba mwenyewe, kumbe ndiyo adui. Wahenga walijua: kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo, Rufaa, — alisema Bi Buli polepole, — ungeiacha ipite.

Rufaa akaiacha. Nadhani kila mtu alikuwa anafanya hesabu yake. Mimi nilikuwa nafikiria zile asubuhi nilizopokea ufunguo na kusema "safari njema, kaka," nikarudi kunoa wembe. Sikuwahi kumwambia pita umwone mtoto. Mwanasheria wa kijiweni alikuwa mmoja, lakini tulioitikia kwa kichwa tulikuwa wengi. Na tulifurahia, hilo ndilo linalonikera. Kila aliporudi bila kitu tulipata mazungumzo ya wiki nzima.

Mlango wa karakana ukafunguka. Randa alikuwa amenawa uso, shati limepigwa pasi, kola imefungwa mpaka juu kama anakwenda kutoa ushahidi. Alimwamkia Bi Buli, akampa mkono mgeni, akakaa katikati tulipompisha. Akaegemeza simu kwenye jiko baridi la akiba, akafuta kioo kwa mkono wa shati. Sote tukavuta miguu na vichwa tusionekane. Simu ikaita.

— Shikamoo, mjomba.

— Marahaba. Hujambo, mama?

— Sijambo.

— Shule?

— Nzuri.

— Wadogo zako?

— Wazima.

— Baba na mama hawajambo?

— Hawajambo.

Tuliona Randa anatafuta kitu cha kusema kama mtu anayetafuta msumari gizani.

— Mvua imenyesha huko?

— Hapana.

— Hata huku hapana.

Mtoto akatabasamu kwa adabu. Nyuma yake watoto wengine walikuwa wanaitana, na macho yake yakaenda huko yakarudi.

— Haya, mama. Nenda kacheze. Tutaongea Jumamosi.

— Haya, mjomba. Shikamoo.

Picha ikaondoka. Kahawa niliyokuwa nimemiminiwa kabla simu haijaita ilikuwa bado ya moto.

— Anaendelea vizuri, — alisema Randa, akiinyoosha kola iliyokuwa haijakunjika. — Amenenepa kidogo. Au ni kamera.

— Kamera hiyo, — Kipaza alisema, ila bila nguvu.

Muuguzi alikuwa ameinamisha kichwa, kama watu wa kazi yake wanavyofanya wakimsikiliza mgonjwa.

— Kaka, nisamehe, mimi mgeni hapa, — akasema. — Huyu mtoto anapenda nini?

— Lo, hilo nalo swali! — Kipaza akajibu. — Anapenda yale maranda ya mbao yaliyojikunja. Anajipachika kichwani anasema ni nywele za bibi harusi.

— Uji usio na sukari, — akasema Bi Buli. — Ukitia sukari anautema.

— Kukaa juu ya meza, — nikasema mimi. — Na kunyolewa anakimbia, lakini mashine anaipenda, anataka aishike yeye.

— Hayo alipokuwa mdogo, — muuguzi akasema. — Sasa hivi, je?

Tulitazamana, halafu macho yote, hata ya Rufaa, yakamwendea Randa. Yeye alikuwa anaangalia mikono yake, ile mikono yenye makovu ya patasi. Mtu huyu anaweza kukutajia majina ya mahakimu wote waliopita kwenye shauri lake na nani alihamishiwa wapi. Anaujua kila msumari wa lile benchi la kituo cha mabasi.

— Sijui, — akasema.

Bi Buli aliinamisha buli juu ya kikombe chake, likatoa machicha tu. Akaliweka chini taratibu lisilie.

Randa akachukua simu. Safari hii hakuiegemeza popote, aliiweka sikioni kama simu ya kawaida. Ikaita muda mrefu. Akapokea mwanamke, tukamtambua kwa jinsi Randa alivyoketi wima: mama wa kambo, yule ambaye benchi hili lilimwita kila jina kwa miaka sita bila kumwona.

— Shemeji, habari za huko. Samahani nimerudi tena. Najua ametoka kwenda kucheza, hapana, usimwite, muache acheze. Ni wewe nilitaka nikuulize. Nilitaka kujua tu, huyu mtoto anapenda nini?

Upande wa pili sauti ikaanza, ndogo, kama nyuki ndani ya chupa, hatusikii neno. Ikaendelea. Ikacheka kidogo, ikaendelea tena. Randa akasimama, akasogea hadi mlango wa karakana, akatugeuzia mgongo.

— Ehe, — tukamsikia. — Ehe. Kumbe!

— Anasema nini? — Rufaa akauliza kwa kunong'ona.

Randa alikuwa ameweka kiganja kwenye fremu ya mlango, ameinama, anasikiliza kwa mwili mzima. Ile sauti ndogo haikuonyesha dalili ya kuisha, ilikuwa na mengi.

— Ehe, — akasema tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayepewa habari za nyumbani baada ya kukaa ugenini siku nyingi mno. — Na hilo, shemeji... hilo alianza lini?